Kadi za Kapitolina Yegorovna

Kapitolina Yegorovna Strunina hakuwa amevuka mpaka wa nchi yake hata siku moja, lakini mtu yeyote pale Moscow aliyetaka kujua Waingereza wana maana gani wakitaja "Nchi Nyeusi" alipelekwa kwake. Alikuwa akiinua miwani, akivuta droo, na kabla hujakaa vizuri ameshakuambia kwamba hiyo si Afrika, mtu wa Mungu wewe, ni machimbo ya makaa na viwanda vya chuma karibu na Birmingham, na jina limetokana na masizi. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mfasiri mmoja wa shirika jingine la uchapishaji aliwahi kumfanya mtoto wa fundi chuma azaliwe Afrika, riwaya nzima ikatoka hivyo, na watu wakainunua. Kapitolina Yegorovna aliicheka habari hiyo miaka sita mfululizo.

Kazi yake ilikuwa kamusi, na kamusi yenyewe ilikuwa moja tu: semi zote za kijiografia za Kiingereza ambazo mfasiri wa Kirusi hawezi kuziona kwenye ramani. Majina ya utani ya miji, mikoa isiyo na mipaka, "kule juu" na "kule chini" za Waingereza na Wamarekani. Aliianza akiwa na miaka thelathini na tisa, na sasa, mwaka wa sabini na tatu, alikuwa na hamsini na nane. Zilikuwa kadi elfu kumi na moja na ushei, katika droo arobaini na nane za mbao, zimejaza ukuta mzima wa chumba cha tatu cha kitengo chao. Watu wengine wakiandika kadi walitakiwa kutaja kitabu walikoutoa usemi, kisha mtu wa pili aweke sahihi. Kadi ya Kapitolina Yegorovna ilikuwa na herufi mbili tu pembeni, K.S., na hapo mjadala umekwisha. Hakuna aliyewahi kuweka kanuni hiyo kwa maandishi. Ilijiweka yenyewe, kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyemkuta amekosea.

Mwezi wa kumi akaletwa Inessa Valerianovna Dolskaya.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mrembo kwa namna ile ya mtu asiyehangaika nayo, na mumewe alikuwa ametumikia ofisi ya biashara London kwa miaka miwili. Koti lake lilitoka kule. Viatu vyake vilitoka kule. Hata mwavuli, jamani. Kapitolina Yegorovna angeyasamehe hayo yote, kwani alikuwa na koti lake la manyoya ya kondoo na lilimtosha. Ambalo hakulisamehe lilitokea siku ya tatu.

Walikuwa wamekaa wanakunywa chai, na Gleb Rostislavovich, mkuu wa kitengo, alikuwa amesimama na bilauri yake kando ya meza ya Kapitolina Yegorovna kama alivyozoea kila saa kumi. Mazungumzo yakaangukia kadi ya "Mikoa ya Nyumbani". Kapitolina Yegorovna akaisoma: mikoa inayoizunguka London. Inessa, kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote, akasema ni sahihi kabisa, ila watu wa kule wakilitamka jina hilo mara nyingi wanacheka kidogo.

"Wanacheka nini?" Gleb Rostislavovich akauliza.

Inessa akaeleza. Ukisema fulani ni mtu wa Mikoa ya Nyumbani, humtaji tu anakoishi. Unataja bustani yake, kofia ya mke wake, na namna anavyozungumza kana kwamba kuna kiazi cha moto mdomoni. Akaiga. Chumba kizima kikacheka, Faina mpiga taipu akacheka mpaka akaweka chini bilauri, na Gleb Rostislavovich akavuta kiti akakaa. Hakukaa kwenye meza ya Kapitolina Yegorovna.

Basi moyo wake ulichomwa hapohapo, na haukupoa tena. Miaka kumi na tisa ameitembea Uingereza kwa kidole juu ya karatasi, anajua kila mto na kila kijiji chenye jina la ajabu, na hakuna kitabu hata kimoja kilichomwambia kwamba wanacheka. Huyu amekwenda kununua siagi tu, akarudi nacho kicheko. Kapitolina Yegorovna aliichukua kadi ile, akaandika kwa penseli "huwa na dhihaka", akaweka K.S., akaifunga droo kwa kishindo.

Tangu siku hiyo chai ya saa kumi ilihamia kwa Inessa. Gleb Rostislavovich alikuwa mjane mwenye adabu na soksi zisizolingana, na sisemi kwamba Kapitolina Yegorovna alikuwa na lolote naye. Lakini mtu akisimama kando ya meza yako miaka kumi na miwili, halafu siku moja asisimame, unaiona sakafu ile ilivyo tupu. Alianza kuleta jamu ya zabibu mwitu kutoka nyumbani. Gleb Rostislavovich alishukuru, akachukua vijiko viwili, akaenda kunywa kulekule.

Kisha likaja suala la jina. Ukurasa wa kwanza wa kamusi ulikuwa na nafasi ya mtungaji mmoja, na mkuu alitangaza kwamba atalitaja atakapopata nakala za kwanza za kusahihishia kutoka kwa wachapaji. Zamani asingehitaji kutangaza. Kusema "nitalitaja" maana yake kuna majina mawili. Kapitolina Yegorovna hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, chumba chake kilikuwa cha mita kumi na tatu na jiko alishirikiana na familia nne. Alichokuwa nacho ni jina hilo moja kwenye ukurasa mmoja. Alilisubiri kama mama anavyosubiri harusi ya binti.

Na Inessa, loo, alikuwa hatoki kwenye droo. Saa ya chakula wenzake wakishuka chini kula supu ya kabichi, yeye alibaki, amechuchumaa kwenye droo za chini na daftari la kijani magotini, ananakili.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Kapitolina Yegorovna alimwambia Faina kwenye ngazi. "Mwangalie anavyoinama."

"Anajifunza, Kapa. Mwache mtoto wa watu."

"Anajifunza! Mtu aliyekaa London ajifunze kwangu? Anakusanya, shoga. Anakusanya zangu, azichanganye na zake tatu, ampelekee yule bwana, amwambie hizi nimezisikia kwa masikio yangu. Na nani atabisha? Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye foleni ya samaki."

Faina alimwambia wivu utamzeesha. Kapitolina Yegorovna akamjibu kwamba ameshazeeka bila msaada wake.

Mwezi wa kumi na moja akafanya alichofanya. Alikaa kwenye taipu ya Faina saa ya chakula, akachapa kadi moja. "Aproni ya Mjane: jina la utani la ukanda wa pwani ya mashariki ya Uingereza unaofunikwa na bahari maji yakijaa." Akaweka Kirusi chake, kizuri, chenye huzuni kidogo, maana kazi aliijua. Akaandika K.S. Usemi huo haukuwapo. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuutamka, na hakuna pwani inayoitwa hivyo. Aliutoa kichwani kama mtu anavyotoa nywele kwenye chanuo, akauweka kwenye droo ya arobaini na saba, mahali pake hasa kwa alfabeti ya Kiingereza, kwenye W. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ukitokea katika orodha ya semi mpya ambayo Inessa alitakiwa kuitoa Januari, mwizi kakamatwa na kidhibiti mkononi.

Januari Inessa akatoa orodha yake. Zilikuwa semi mia tatu na kumi, kila moja na kitabu chake au mahali alipoisikia, kila moja na sahihi ya pili. Kapitolina Yegorovna aliisoma mara mbili, kidole kinatambaa mstari kwa mstari. Aproni ya Mjane haikuwamo. Haukuwamo hata usemi mmoja kutoka kadi zake. Zaidi ya hayo orodha ilikuwa nzuri, na mtu mwenye haki angesema hivyo, akaitoa kadi ile ya uongo, akaichana, akalala usingizi wake. Yeye alikasirika zaidi. Alisema moyoni kwamba mwizi mjanja hasubiriwi kwenye mlango wa kwanza.

Akaiacha. Alikuwa na hakika ataitoa kabla wapiga taipu hawajafika droo ya arobaini na saba, kwani walikuwa wanazichapa kwa mpangilio na bado walikuwa mbali. Mwisho wa Februari akapatwa na kichomi, akalazwa wiki tatu. Nanyi mnajua mambo ya mwisho wa robo mwaka: mpango lazima utimie kabla ya Aprili. Gleb Rostislavovich akaweka wapiga taipu watatu badala ya wawili, Inessa akasoma kila ukurasa na kuulinganisha na kadi, na siku Kapitolina Yegorovna aliporudi amekonda, amejifunga skafu mpaka puani, kazi nzima ilikuwa imeshapelekwa kiwandani kupangwa herufi.

Angeweza kusema siku hiyo. Ilikuwa ni kupiga simu moja tu, mstari ukafutwa, na hakuna mtu angejua. Alisimama mbele ya droo ya arobaini na saba, akaiona kadi yake ipo palepale, na juu yake alama ndogo ya bluu ya Inessa: imesomwa. Imesomwa! Mtu aliyeishi kule, mwenye masikio yanayosikia mpaka vicheko, amesoma uongo mtupu akaupitisha. Basi hajui kitu, Kapitolina Yegorovna akajiambia, na furaha aliyoipata ilikuwa mbaya kiasi kwamba ilibidi akae. Hakupiga simu.

Nakala za kwanza zilifika mwezi wa tano, na kitengo kizima kikaitwa mezani. Gleb Rostislavovich alikuwa na folda mbele yake. Alisema kabla ya kuja kwenye ukurasa wa kwanza angependa kusikia kama kuna mtu ana neno.

Kapitolina Yegorovna akasimama. Alikuwa amevaa blauzi yake ya sikukuu.

"Nina swali kwa Inessa Valerianovna. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Aproni ya Mjane. Wewe uliyekaa kule, uliwahi kuisikia?"

Inessa akafungua ukurasa, ingawa ilionekana hakuhitaji.

"Hapana," akasema. "Sijawahi."

"Hujawahi. Na ukaipitisha."

"Niliitafuta, Kapitolina Yegorovna. Nilikwenda maktaba siku mbili sikuiona. Lakini kadi ni yako." Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mimi London nilikuwa naishi na wake za wenzetu. Alhamisi tulitolewa kwenda madukani, wote pamoja, tukarudishwa. Nimejua mitaa minane, na safari moja ya Kent. Kwenye droo zako nimekuta nchi nzima ambayo nilikuwa ndani yake na sikuiona. Kwa hiyo nikikuta kitu sikijui, nasema mjinga ni mimi."

Faina aliinamisha kichwa. Mtu mwenye akili angekaa chini wakati huo. Kapitolina Yegorovna alikuwa amebeba jambo hili miezi sita na hakuweza kulirudisha tumboni.

"Huo usemi haupo," akasema. "Nimeutunga mimi. Niliuweka makusudi, nione nani anazinyemelea kadi zangu na daftari la kijani. Nilitaka kukukamata, nawe umekamatika. Huyu ndiye mjuzi wenu wa London, ndugu zangu."

Alingoja. Hakuna aliyemtazama Inessa. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Gleb Rostislavovich akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akafungua folda akatoa karatasi mbili, akazisukuma mpaka mbele ya Kapitolina Yegorovna. Ya kwanza ilikuwa barua ya Inessa, ya tarehe nne Februari, akiomba kwamba asifikiriwe kwa jina la mtungaji, kwani kamusi ni ya mtu mmoja na mtu huyo anajulikana, na kwamba yeye anatosheka kujifunza. Ya pili ilikuwa ukurasa wa kwanza wenyewe, umeshapangwa herufi. Mtungaji: K. Y. Strunina. Halikuwapo jina jingine.

Kapitolina Yegorovna alilisoma. Lilikuwa limepangwa kwa herufi nene, katikati, na nafasi nzuri juu na chini.

"Zipo ngapi nyingine?" mkuu akauliza.

Hakuelewa. "Nyingine nini?"

"Kadi za namna hiyo."

"Hakuna nyingine, Gleb Rostislavovich. Ni hiyo moja."

"Nakuamini," akasema, na alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma. "Lakini mimi sifanyi kazi ya kukuamini wewe. Kuna mfasiri Irkutsk, kuna mwingine Tashkent, watafungua kitabu hiki na hawatakuwa na mtu wa kumuuliza. Jana ningewaambia: ikiwa ni K.S., andikeni. Leo niwaambie nini?"

Nje walikuwa wanapakua mabomba ya chuma kwenye lori, moja moja, na kila mmoja aliyekuwa mezani alikuwa anajifanya anasikiliza mabomba. Kapitolina Yegorovna alitaka kusema kwamba miaka kumi na tisa si kitu cha kupimwa kwa kadi moja. Alifungua mdomo, na akajua kwamba lau ingekuwa kadi ya mtu mwingine, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema ipimwe hivyo.

Uamuzi ulichukua dakika kumi. Uchapaji usimamishwe. Kadi zote za K.S. zipitiwe upya kama kadi za mtu mwingine yeyote, kila moja itafutiwe kitabu chake na iwekwe sahihi ya pili. Zitakazokosa kitabu zitolewe. Ukurasa wa kwanza uandikwe kwamba kamusi imeandaliwa na wafanyakazi wa kitengo, bila majina. Mtu wa kuweka sahihi ya pili hakuwapo mwingine anayezijua kadi hizo, kwa hiyo akawa Inessa Valerianovna. Inessa alikataa. Mkuu akamwambia si ombi.

Jumatatu asubuhi Inessa alisogeza kiti mpaka kwenye meza ya Kapitolina Yegorovna, akaweka droo moja katikati yao na kisanduku kitupu pembeni. Hakuwa na furaha, na hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Koti lake alikuwa amelitundika mbali. Alisema wanaweza kuanza na kadi za zamani zaidi, ambazo Kapitolina Yegorovna bila shaka anazikumbuka vizuri, kisha akachukua moja iliyokuwa imegeuka rangi kwa uzee.

"Bustani ya Uingereza," akasoma. "Mkoa wa Kent."

Ilikuwa kadi ya kwanza kabisa ya Kapitolina Yegorovna. Aliiandika kwa mkono, mwaka wa hamsini na nne, kabla hawajapewa taipu.

"Hiyo unaijua," Kapitolina Yegorovna akasema. "Kila mtu kule anaijua. Kent ulipelekwa kutembea, ulisimulia mwenyewe, mkala matufaha."

"Naijua."

"Basi weka sahihi."

Inessa aliishika kalamu bila kuandika. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta namna ya kusema, na namna haikuwapo.

"Uliitoa kitabu gani?"

Kapitolina Yegorovna aliikodolea macho kadi. Alikumbuka meza ya maktaba, taa yenye kivuli cha kijani, mkate mweusi aliouficha mfukoni ale bila kuonekana. Alikumbuka jinsi alivyofurahi, jinsi alivyotaka kumwambia mtu, na hakukuwa na mtu. Kitabu hakukikumbuka.

"Inessa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza Valerianovna, jina la baba linaloongezwa kwa heshima. "Ni ya kweli."

"Najua, Kapitolina Yegorovna," Inessa akasema. Akaiweka kwenye kisanduku cha zisizo na kitabu, akachukua ya pili.